Boma limeezekwa, sasa nini? Mwongozo kamili wa kumalizia nyumba hadi siku ya kuhamia

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, fundi bomba aliniomba nyundo na patasi. Bafu lilikuwa limekamilika: vigae hadi juu, bomba la mvua limefungwa, kioo kipo. Lakini chumbani, upande wa pili wa ukuta ule, rangi ilianza kutoa alama ya unyevu iliyokuwa ikipanuka kila siku. Kiungio kimoja cha bomba kilifukiwa ukutani bila kujaribiwa. Tulivunja vigae sita ili kukifikia kiungio kinachouzwa shilingi elfu mbili, na duka nililonunulia lilikuwa limeshamaliza vigae vya aina ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia ndugu na majirani kwamba kinachomaliza pesa kwenye umaliziaji si bei ya vifaa peke yake. Ni kazi kufanywa kabla ya zamu yake, kisha inabomolewa na kulipiwa tena. Kwa hiyo hapa nitazungumzia zaidi mpangilio: nini kitangulie, nini kisubiri, na nini unaweza kuhamia kikiwa bado.

Nachukulia nyumba ya kawaida ya familia, ya chini, ya tofali za saruji, inayojengwa kwa pesa inayopatikana kidogo kidogo, kama tunavyojenga wengi Dar es Salaam na Pwani. Boma lipo, paa lipo. Hakuna kingine.

## Daftari kwanza, hadiwea baadaye

Siku ambayo bati la mwisho linapigiliwa, mtu huwa na furaha ya kutaka kununua. Vumilia wiki moja. Chukua daftari, ingia chumba kimoja kimoja, na andika kila kitu kinachokosekana: lipu, sakafu, dari, dirisha, grili, mlango, kitasa, soketi ngapi, taa ngapi. Usiandike "chumba cha watoto, kumalizia". Andika vitu. Orodha yangu ilifika kurasa kumi na moja, na nilipoijumlisha nilikaa kimya jioni nzima.

Ukimaliza, chora mstari. Juu ya mstari weka vile ambavyo bila hivyo familia haiwezi kulala humo. Chini yake weka vinavyoweza kungoja. Mjini tuna neno letu, kuhamia kibishi, yaani kuingia kwenye nyumba kabla haijaisha, na watu hulisema kwa utani kana kwamba ni aibu. Mimi naona ni uamuzi mzuri kabisa ukifanywa kwa akili, maana kila mwezi unaokaa kwenye nyumba ya kupanga unalipa kodi ambayo ingeweka dari. Lakini kibishi kina kiwango chake. Kwangu mstari ulikuwa hivi: choo kimoja kinachofanya kazi na shimo lenye mfuniko wa zege, maji ya kuaminika, umeme uliofungwa na mtu mwenye leseni, grili kwenye madirisha yote, milango miwili ya nje yenye vitasa imara, vyumba viwili vyenye sakafu ngumu, na waya za kuzuia mbu. Vigae vya sebuleni, dari ya korido, makabati ya jikoni na uzio vilikuwa chini ya mstari. Tulihamia sebule ikiwa na sakafu ya saruji na zulia la plastiki, wala hakuna mgeni aliyekataa chai.

## Paa kabla ya dari

Dari huficha makosa ya paa mpaka siku yanapotoka yenyewe kwa umbo la doa la kahawia. Kwa hiyo usifunge hata ubao mmoja wa jipsamu kabla paa halijapita kwenye maji. Kama masika ya Machi hadi Mei au vuli za Oktoba hadi Desemba ziko karibu, zingoje. Kama hazipo, mtu apande na mpira wa maji, amwage taratibu kuanzia chini kwenda juu, nawe uwe ndani na tochi.

Angalia hasa kwenye mabonde ambako pande mbili za paa hukutana, kwenye kofia, na kila mahali msumari ulipopigwa ukaondolewa. Msumari wa bati uliopinda ni tundu. Angalia pia nafasi kati ya ukuta na bati. Mafundi wengi huiacha wazi, kisha popo wanahamia kabla yako. Ziba kwa tofali na udongo wa saruji, acha matundu madogo ya hewa yenye wavu. Popo wakishazoea kuwatoa ni kazi ya miezi, na harufu yao hupenya dari yoyote.

## Umeme na mabomba ndani ya kuta: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Mifereji ya paipu za umeme na ya maji huchimbwa kabla ya lipu. Kila mtu anajua hivyo, na bado kila mtaa una nyumba yenye lipu iliyochanjwa kwa grainda kwa sababu mwenye nyumba alikumbuka soketi ya jokofu baadaye.

Dawa yake ni chaki. Kabla fundi umeme hajaja na vifaa, zunguka nyumba na mwenzako, mchore kitanda kitakaa wapi, kochi wapi, televisheni kimo gani, meza ya kupigia pasi wapi. Mke wangu alichora jikoni soketi tano mahali ambapo mimi niliona mbili zinatosha. Leo zote tano zina kitu. Vinavyosahaulika sana: soketi ya pampu ya maji, taa ya nje kila pembe ya nyumba, kengele ya geti, swichi mbili za kuzimia taa moja ya korido, njia ya waya wa intaneti, na paipu tupu inayotoka ndani hadi getini. Paipu tupu hiyo ni ya bei ndogo sana, na siku utakapotaka kamera au mota ya geti utaishukuru.

Kuhusu waya wenyewe, mjue fundi kwa majibu yake. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme au hita ya maji ya papo hapo huhitaji mnene zaidi, 4 au 6, wenye breka yake peke yake. Akikuambia waya mmoja unatosha kila kitu, mshukuru na mwachane. Muulize kuhusu waya wa ardhini na nondo yake ya shaba inayochimbiwa nje, na kuhusu kifaa kinachokata umeme mtu akipigwa shoti. Muulize pia leseni. Wafunga umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na maombi yako ya kuunganishiwa umeme yatahitaji mhuri wa mkandarasi wa namna hiyo. Ukimtumia asiye na leseni utalazimika kumlipa mwingine agonge mhuri kwenye kazi ambayo hakuifanya, na hapo hakuna anayewajibika.

Kwa maji, sheria yangu ni moja baada ya vile vigae sita: hakuna bomba linalofukiwa kabla halijakaa na maji yenye shinikizo usiku kucha. Fundi huziba ncha zote, hujaza mfumo kwa pampu ya mkono yenye geji, na mshale usishuke hadi asubuhi. Kama hana pampu ile, inakodishwa. Weka koki ya kufungia kila bafu na jikoni, ili siku kitu kikiharibika usifunge maji ya nyumba nzima.

Mabomba ya maji taka yana maadui wawili, kona kali na mteremko mbaya. Bomba la choo ni inchi 4, la sinki na bafu inchi 2 kwa kawaida. Kila kona nje ya nyumba ijengewe chemba yenye mfuniko unaofunguka. Nilimwona jirani akibomoa baraza yake kutafuta mahali choo kilipoziba, kwa sababu chemba zilionekana ni gharama.

Shimo la maji taka linategemea ardhi. Sehemu za Kigamboni na za karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, shimo refu linajaa lenyewe hata kabla hujalitumia. Kwenye milima ya Goba na Madale shida huwa udongo wa mfinyanzi usionyonya. Ongea na majirani watatu kuhusu mashimo yao kabla hujachimba lako, tena waulize wakati wa masika. Kama una kisima au jirani anacho, shimo likae mbali nacho, angalau mita 30.

Halafu, kabla ya lipu, piga picha. Kila ukuta, ukiwa na futikamba imening'inia ndani ya picha kuonyesha vipimo kutoka kona na kutoka chini. Zitume kwa mwenzako na uzihifadhi kwenye barua pepe, usiziache kwenye simu peke yake. Mwaka mmoja baadaye nilitoboa ukuta kufunga rafu, na picha ile iliniambia paipu imepita sentimita 12 kutoka pale nilipoweka alama.

## Lipu, sakafu na subira

Mchanga uchekechwe. Uwe mchanga wa mto au wa shimo uliosafi, usiwe wa pwani wenye chumvi. Chumvi hutoka ukutani kama unga mweupe na kuisukuma rangi mpaka inabanduka, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayokusaidia. Mchanganyo wa saruji moja kwa mchanga nne au tano unafaa kuta nyingi. Usimwache fundi apime kwa macho na koleo. Tumia ndoo.

Lipu imwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kazi hii hakuna anayeipenda, kwa hiyo haifanyiki usipokuwepo. Mlipe mtu wa mtaani aifanye, na mpigie simu saa kumi na mbili jioni umsikie yuko wapi. Lipu iliyonyimwa maji hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui na ukiigonga inalia kama kopo.

Fundi akisema amemaliza, wewe njoo na pimamaji, timazi na ubao mnyoofu wa mita mbili. Laza ubao ukutani. Ukiona mwanga unapita katikati, nani amwambie? Wewe, tena siku hiyohiyo, kabla hujalipa. Pima kona za jikoni na bafuni kwa umakini zaidi, maana kona isiyo sawa huonekana vigae vikishapandishwa.

Kisha acha nyumba ipumue. Mwezi mzima kama unaweza, ndani ya msimu wa kiangazi ikiwezekana. Wanaopaka rangi kwenye lipu ya wiki moja ndio wanaolalamika baadaye kwamba duka limewauzia rangi feki.

## Grili, madirisha, milango

Mara tu lipu inapokauka, vitu vinaanza kuibiwa: waya hung'olewa kwenye paipu, koki hufunguliwa, hata breka. Ndiyo maana grili hutangulia karibu kila kitu cha ndani. Mimi niliagiza waya za umeme zivutwe baada ya grili na milango ya nje kuwekwa, paipu zikae tupu mpaka hapo.

Fremu za alminiamu zipimwe baada ya lipu. Fundi mmoja alitaka kuchukua vipimo kwenye boma "ili tuokoe muda, bosi". Lipu hula sentimita mbili kila upande, na dirisha lililotengenezwa mapema halitaingia, au litaingia kwa kuchonga ukuta. Hakikisha wavu wa mbu umo kwenye bei, na unatoka kwa kuoshwa.

Mbao za milango, iwe mninga, mkongo au mtiki, ziwe zimekauka. Mlango wa mbao mbichi unafunga vizuri siku ya kwanza, kisha kiangazi unaacha uwazi na masika unagoma. Milango ya ndani iwe ya mwisho kabisa, baada ya vigae, kwa sababu vigae hupandisha sakafu na mlango uliowahi utakatwa chini.

## Dari, kulainisha kuta, rangi, vigae

Mpangilio ulionifaa, baada ya kuuliza mafundi wanne na kupata majibu matano, ni huu. Dari. Kisha kulainisha kuta kwa unga wa jipsamu au saruji nyeupe, kupiga msasa na kufuta vumbi. Kisha praima na mkono wa kwanza wa rangi. Kisha vigae vya sakafu. Kisha milango ya ndani, masinki, vyoo, soketi na taa. Mkono wa mwisho wa rangi unafunga kazi. Ukiweka vigae kwanza, msasa na rangi vitavichafua. Ukimaliza rangi yote kwanza, mafundi vigae watakwaruza kuta kwa mabega na ndoo zao. Jipsamu haipendi unyevu, kwa hiyo bafuni chagua dari ya plastiki au ubao uliotengenezwa kwa sehemu zenye maji, na kuta za bafu zisilainishwe kwa unga wa jipsamu. Wengi hukosea hapa.

Vigae ni hesabu rahisi ambayo watu huiachia duka. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 kina mita za mraba 14.4. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 lina mita 1.44. Unahitaji maboksi 10, ongeza moja kwa ajili ya kukata na kuvunjika, jumla 11. Fanya hivyo kwa kila chumba. Nunua vya chumba kizima kwa siku moja na soma namba ya toleo iliyochapishwa kwenye maboksi yote, kwani kigae cha jina moja na toleo tofauti kinaweza kuwa na rangi iliyopishana kidogo, na jicho halisamehe. Kisha hifadhi boksi moja la kila aina darini au stoo. Unajua kwa nini nasema hivyo.

Bafuni chagua vigae visivyoteleza, hata kama vinavyong'aa ni vizuri zaidi dukani. Kabla ya kuvilaza, sakafu iwe na mteremko kuelekea tundu la maji, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Mwaga ndoo na ungoje. Maji yakituama kwenye kona, rudisha kazi. Wanangu walipima kwa gololi, na gololi haidanganyi.

Vigae vikishakauka siku mbili tatu, zunguka chumba ukiwa na sarafu ya shilingi mia mbili. Gonga kila kigae, katikati na pembe zote nne. Kinachotoa mlio wa uwazi hakijashika chini, na siku kitakapoangukiwa na mtwangio kitapasuka. Nilikuta 14 sebuleni. Fundi alisema vitashika vyenyewe. Nikamwambia, "Fundi, mimi nitakushika wewe visiposhika." Alicheka, akavitoa.

## Pesa na mafundi

Elewaneni kwa kazi, si kwa siku. Andikeni karatasi moja: kazi gani, bei gani, vifaa vya nani, malipo kwa hatua zipi. Nunua vifaa mwenyewe au nenda naye dukani. Pesa ya kula ya kila siku itolewe, maana fundi mwenye njaa hafanyi kazi, lakini iandikwe na ikatwe kwenye jumla. Bakisha sehemu, mimi hubakisha moja ya kumi, mpaka wiki mbili zipite tangu kazi iishe. Fundi mzuri hukubali bila kununa. Na usimpe mtu mmoja kila kitu kwa sababu anasema anajua vyote: fundi maiko, yule wa kubahatisha kila kazi, anajua kuanza tu.

## Umeme wa LUKU na maji

Peleka maombi ya umeme mapema, hata kabla ya rangi. Siku hizi yanafanyika kwa simu kupitia mfumo wa Ni-Konekt wa TANESCO, shirika la umeme, ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Kwa viwango vilivyotangazwa Januari 2022, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo alilipa shilingi 320,960. Ukihitaji nguzo gharama inapanda, kwa hiyo angalia ulipo kabla ya kupanga bajeti, na zungumza na majirani wasio na umeme muombe pamoja. Lipa kwa namba ya malipo tu, kamwe usimpe mtu mkononi.

Ukinunua umeme wa kwanza usishangae uniti zikiwa pungufu. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama hukununua mwezi uliopita, inakatwa ya miezi yote kwa pamoja.

Kwa maji, Dar es Salaam na sehemu za Pwani unaomba DAWASA, mamlaka ya maji, na ofisi ya serikali ya mtaa itakupa barua ya utambulisho. Hata ukiunganishwa, panga kwa ajili ya siku za mgawo. Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo mnara wake ujengwe kwa nondo na zege, usiwe wa mbao zilizobaki kwenye paa. Na usiidharau mvua: paa lenye eneo la mita za mraba 100 likipokea milimita 10 za mvua hukupa karibu lita 1,000. Gata moja na mpira hadi kwenye simtanki hunipunguzia maboza ya maji kadhaa kila masika. Maji ya kisima karibu na bahari yaonje na yapimwe kabla hujafunga hita. Maji ya chumvi huila haraka.

## Wiki ya mwisho

Kabla familia haijahamia, lala humo wewe na mwenzako siku mbili. Tulilala na godoro moja, ndoo, jiko la gesi na redio. Fungua koki zote kwa wakati mmoja. Vuta vyoo vyote mfululizo, kisha nenda ukafunue chemba uone maji yanavyopita. Washa kila kitu: feni, pasi, birika, pampu. Breka ikikatika ni bora ikatike usiku huo kuliko siku ya wageni. Zima kila kitu, angalia mita ya LUKU: ikiendelea kuhesabu kuna mahali umeme unavuja. Fanya hivyohivyo kwa mita ya maji.

Badilisha vitasa vya milango ya nje, au angalau vyuma vyake vya funguo. Mafundi sita wamepita na funguo zako, hata kama wote ni waaminifu.

Piga dawa ya mchwa kuzunguka msingi na kwenye fremu. Fyeka nyasi na ondoa marundo ya mbao na tofali karibu na nyumba, kwani viwanja vipya vina nyoka waliokuwa wenyeji kabla yetu. Funika mapipa ya maji ya ujenzi, hayo ni kitalu cha mbu. Tembea nje usiku ukitafuta nondo zilizochomoza, misumari na mashimo, kwa sababu mtoto atacheza hapo kesho yake asubuhi.

## Siku yenyewe

Mpe mwenye nyumba wako wa zamani taarifa kwa maandishi kulingana na mkataba, na lipa bili za maji mpaka siku ya mwisho. Kirikuu kinatosha vyumba viwili kwa safari mbili. Kwa familia yenye kabati na jokofu chukua Canter, mkubaliane bei ikiwa pamoja na wabebaji. Hamia asubuhi, ili giza likukute vitanda vimefungwa na vyandarua vimening'inia. Watoto wa shule wahamie wakati wa likizo, kama uhamisho unahitajika uanze kufuatiliwa mwezi mmoja kabla.

Boksi moja lisichanganywe na mengine, uliandike "usiku wa kwanza": shuka, sabuni, kibiriti, sufuria mbili, vikombe, majani ya chai, chaja, dawa, tochi. Jokofu likishashushwa lisimame saa kadhaa kabla ya kuliwasha.

Sisi tulianza kwa dua na ubani, majirani Wakristo walikuja na sala yao wiki iliyofuata, na pilau ilikuwa moja. Vyovyote utakavyofungua nyumba yako, waalike wa karibu kabla ya wa mbali. Nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Utawahitaji kwa barua kabla mwaka haujaisha.

## Miezi ya mwanzo

Yale ya chini ya mstari yapange moja kwa mwezi, na chagua kinachokukera zaidi, siyo kinachoonekana na wageni. Kwetu ilikuwa dari ya korido, kisha kabati la jikoni, sebule mwaka uliofuata. Lakini haya yasisubiri mshahara: waya zilizo wazi, shimo lisilo na mfuniko, ngazi isiyo na kishikio.

Mvua kubwa ya kwanza itakapokuja usilale. Zunguka na tochi, tazama dari, pembe za madirisha na chini ya mlango wa nyuma. Nje, tazama maji ya uwanjani yanakimbilia wapi. Yakielekea msingini, chimba mfereji asubuhi yake.

Nyufa zitatokea, nyumba mpya hutulia. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si ugonjwa. Wenye kuingiza sarafu, au unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, mwite mhandisi. Kwa yote, weka alama ya penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe, kila upande. Wa kwetu, juu ya dirisha la sebule, una tarehe tatu: ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba, zote zimeandikwa mahali pamoja. Rangi ya ukuta ule ndiyo kazi ya mwezi ujao.